Mtu wa Kupewa Habari

Karatasi ilifika Jumatano kwa treni ya asubuhi, ndani ya bahasha ya kaki yenye muhuri wa ofisi inayotunza kumbukumbu za askari wa Keya, jeshi la Waingereza. Sajini Simeo aliifungua kwa kisu cha kuchongea penseli, akaisoma mara mbili akiwa amesimama. Kisha akaketi, akaisoma mara ya tatu, akishusha rula mstari kwa mstari.

Upande wa pili wa meza alikuwa Mwatumu. Alikuwa ameingia kituo cha polisi cha Korogwe tangu mlango ulipofunguliwa, akakataa kiti, akakaa sakafuni na kuegemeza mgongo ukutani. Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na chumba cha mahabusu, na ndani yake alikuwamo mwanawe, Matayo. Kila Matayo alipokohoa, mama yake aligeuza kichwa.

"Imesema nini, mwanangu?" akauliza.

"Bado nasoma, mama."

Shauri lenyewe lilikuwa fupi. Matayo alikuwa mkata mkonge wa shamba la Ngombezi, mtu wa miaka thelathini, na mwezi uliopita aliwaongoza wenzake kugoma siku nne. Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, hakumpeleka mahakamani. Aliandika amri ya mistari mitano: mtu huyu asili yake ni Nyasa, si mwenyeji wa Tanganyika, arudishwe kwao. Ijumaa saa saba mchana angepandishwa treni ya kushuka Tanga, kutoka Tanga meli hadi Lindi, kutoka Lindi lori mpaka ng'ambo. Matayo hakuwa amewahi kufika hata Tanga. Alizaliwa kwenye makambi ya Ngombezi, na mkewe na watoto wake watatu walikuwa humo humo. Lakini Bwana Shauri alisema kuzaliwa kambini hakumpi mtu kwao. Kwao kwa mtu ni kwa baba yake. Na baba yake, Sadala, aliyekufa kwa homa mwaka 1934, aliandikwa Mnyasa katika vitabu vyote vya shamba, kwa sababu alifika pale na cheti cha kuachishwa jeshi kutoka kikosi cha Nyasa.

Mwatumu alikuwa akisema neno moja tu tangu mwanawe akamatwe: mume wangu alikuwa mtu wa Handeni. Simeo hakumwamini wala hakumkatalia. Aliomba ruhusa ya kuandika barua jeshini, akapewa.

Karatasi iliyokuja ilikuwa nakala ya ukurasa mmoja wa daftari la mwaka 1917. Watu kumi na tisa waliandikwa Songea siku moja. Kwenye safu ya kabila, karani wa jeshi aliandika Mnyasa kwa mtu wa kwanza, halafu kwa wote kumi na wanane waliofuata akaweka vialama viwili vidogo vya kusema kama juu. Simeo aliweka nukta ya penseli hapo. Karani aliyejaza safu nzima kwa vialama hakumuuliza kila mtu.

Sadala alikuwa wa kumi na moja. Namba 2216. Alama za mwilini: kovu la moto, kiganja cha kushoto. Safu ya mwisho haikuweza kujazwa kwa vialama, maana kila mtu alikuwa na wake. Kichwa chake kilisema: Jamaa wa kupewa habari askari akifa. Chini yake, mbele ya jina la Sadala, paliandikwa: Sekibaha, mhunzi, Chanika.

Simeo akafungua daftari lake la mfukoni, akaandika kwa herufi zake ndogo: Baba, Sekibaha. Kazi, mhunzi. Mahali, Chanika ya Handeni. Akapigia mstari.

Kisha aliigeuza karatasi kifudifudi, akamuuliza Mwatumu kama marehemu alikuwa na alama yoyote mwilini. Mwatumu hakufikiri.

"Mkono wa kushoto, kiganjani. Moto. Watoto walikuwa wakisema mkono wa baba una gamba la kenge."

"Kwa nini hakurudi kwao hata mara moja? Handeni si mbali."

"Nilimuuliza miaka kumi na tano, mwanangu. Alisema kuna nyumba hawezi kupita mlangoni pake. Mimi alinitoa kwetu Nyasa nikiwa binti, vita vilipokwisha. Nilidhani ana deni la mtu."

Simeo aliyaandika hayo pia. Akazunguka nyuma, akasimama kwenye wavu wa mahabusu, akamuuliza Matayo kama baba yake alipata kutaja jina la mtu wa kwao. Matayo alisema akilewa alikuwa akihesabu majina ya vijana, mmoja mmoja, halafu ananyamaza. Yeye alikuwa mdogo, hayakumbuki.

"Wewe mtu wa Vugiri, sajini," Matayo akasema. "Hata ukikaa huku chini miaka ishirini, unajua kwenu ni kule kwenye baridi. Mimi naambiwa kwetu na mtu aliyekuja kwa meli."

"Nitakwenda Handeni kesho."

"Nenda. Ukikuta kwetu, wasalimie."

Bwana Shauri aliisoma nakala barazani kwake, akiwa amesimama. Alisema Chanika ziko nyingi, akina Sekibaha wako wengi, na maneno ya mtu mwenyewe hayatoshi. Alitaka sahihi ya jumbe wa Chanika kwamba mhunzi huyo alikuwapo na kwamba Sadala alikuwa mtu wa nyumba yake. Bila sahihi hiyo amri ingebaki kama ilivyo, na hangeisogeza treni kwa ajili ya mtu yeyote.

Alhamisi alfajiri Simeo aliondoka kwa lori la dukani kwa Fidahussein, lililokuwa likipeleka chumvi na mafuta ya taa Handeni na kurudi na mahindi. Dereva, Bonaventura, alimwambia mapema kwamba kurudi ni kesho yake asubuhi, wala asimharakishe, kwa kuwa gari lile lilikuwa na tabia zake kama mke wa pili. Saa tano walikuwa Chanika.

Jumbe Semkiwa alikuwa kwenye baraza, akisikiliza mashauri. Alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Simeo alimwamkia shikamoo, akaeleza shida yake, na jumbe akasimamisha shauri la mbuzi lililokuwa mbele yake ili amhudumie mtu wa serikali kwanza. Aliwaita wazee wawili wakae karibu. Simeo akauliza polepole, bila kuwaambia anatafuta jibu gani.

Je, hapa palikuwa na mhunzi aliyeitwa Sekibaha? Palikuwapo. Wazee wote watatu walimjua. Kiwanda chake kilikuwa pale penye mikwaju, alikufa mwaka wa nzige.

"Alikuwa na mtoto wa kiume aitwaye Sadala?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akacheka kwa kifua.

"Sekibaha? Sekibaha hakuzaa hata panya. Wake watatu, na wote watatu walikwenda kuzaa kwa wengine. Watu walisema moto wa kiwanda umemchoma alipokaa."

"Hata mtoto wa nje?"

"Wa nje atoke wapi, sajini? Kama angempata hata wa kuokota angemfanyia ngoma."

Simeo aliuliza tena kwa njia nyingine, kisha kwa njia ya tatu. Aliomba daftari la kodi, akapekua kurasa za tangu 1919. Sekibaha alikuwamo, na mbele ya jina lake hapakuwa na mtoto. Aliuliza kama palikuwa na mhunzi mwingine wa jina hilo. Hapakuwa naye. Karani wa jumbe, kijana msafi aliyeitwa Gregori, aliandika barua kama alivyoagizwa: Sekibaha mhunzi wa Chanika alikufa bila mtoto, na Sadala mwana wa Sekibaha hajulikani hapa. Jumbe akagonga muhuri. Ilikuwa saa nane.

Simeo aliikunja barua hiyo, akaitia mfukoni. Hakuwa na mahali pa kwenda mpaka kesho. Alikaa kwenye benchi la nyuma, kofia magotini, akatoa daftari lake, akayasoma upya yote aliyoandika. Kovu lilikuwa sawa. Jina la mhunzi lilikuwa sawa. Mahali palikuwa sawa. Mambo matatu yalikubaliana na la nne liliyakana yote, na la nne ndilo lililokuwa na muhuri.

Mbele, shauri la mbuzi lilikuwa limeendelea. Mbuzi wa kijana Mikaeli walikula mahindi ya jirani. Kijana alikubali kosa, akaomba muda hadi mavuno. Jumbe akamuuliza ni nani atakayesimama kwa ajili yake.

"Mjomba wangu, Yordani," kijana akajibu, na mtu mmoja mnene akainuka upande wa kulia, akiwa na uso wa mtu aliyeamshwa usingizini, akasema anasimama.

Simeo alimwinamia Gregori. Alimuuliza kama kijana yule ni yatima.

"Hapana. Baba yake yule pale, anayetafuna muwa."

Baba mtu alikuwa amekaa dirishani, anatema makapi nje. Hakuonyesha dalili ya kuinuka.

"Kwa nini hakusimama yeye?"

"Yeye kaja kutazama tu," Gregori akasema. Kisha akaona kwamba sajini hakutania. "Kwetu Wazigua, afande, mtoto ni wa ukoo wa mama. Akioa, mjomba. Akikosa, mjomba. Akifa, atakayepelekewa habari kwanza ni mjomba. Baba atasikia kwa majirani. Kwenu Usambaa siyo hivyo?"

Simeo alitoa bahasha ya kaki, akafungua nakala juu ya goti, akaweka rula chini ya kichwa cha safu ya mwisho. Jamaa wa kupewa habari askari akifa. Alitazama daftari lake, pale alipoandika mwenyewe, jana, bila mtu kumwambia: Baba. Kule Vugiri hapakuwa na jina jingine ambalo kijana angelitaja. Alichukua penseli, akalikata neno hilo kwa mstari mmoja.

Alingoja shauri la mbuzi liishe. Kisha akaenda mbele, akaomba radhi kwa kurudi.

"Jumbe, nilikuuliza vibaya. Sekibaha alikuwa na dada?"

"Alikuwa naye. Amekwisha kufa."

"Dada huyo alizaa?"

"Wawili. Damari yupo, anakaa njia ya kwenda kisimani. Na wa kiume..." Jumbe alivua miwani. "Yule alikwenda na mizigo ya Waingereza, mwaka ule walipoingia. Ndiye aliyekuwa akimvutia mjomba wake mivukuto ya moto."

"Jina lake?"

Mzee aliyecheka asubuhi ndiye aliyejibu, na safari hii hakucheka. "Tulimwita Kenge," akasema. "Jina hasa mwulize dada yake."

Damari alikuwa akitwanga. Mwanamke mzee, mrefu, mwenye msalaba mdogo wa bati shingoni. Mmisionari alimbatiza ukubwani. Simeo alimwamkia, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, hakutaja jina lolote. Alimwomba tu amsimulie ndugu yake aliyekwenda vitani. Damari alisema walichukuliwa vijana saba wa Chanika siku moja, asubuhi, wakiwa wanapalilia. Walifungwa kamba ya kiunoni mpaka walipovuka mto. Ndugu yake alikuwa wa saba. Mkono wake wa kushoto uliungua kiwandani alipokuwa mtoto, alishika chuma akidhani kimepoa, na bwana mmoja alitaka kumwacha kwa sababu ya mkono huo, lakini mwingine akasema mzigo ni wa kichwani, si wa mkononi.

"Wangapi walirudi, bibi?"

"Hakuna. Mama zao walikaa njia hii miaka mitatu. Wa mwisho amekufa juzijuzi." Alifuta mikono kwenye kanga. "Kwa nini unaniuliza, mwanangu? Mjomba alingoja habari ya Sadala mpaka akafa. Hakuna mtu aliyeileta."

Simeo alimwambia. Alimwambia kwa mpango, kama anasoma ripoti: kwamba Sadala aliishi, kwamba alitua mzigo Songea akaandikwa askari, kwamba alikaa Ngombezi miaka kumi na tano, kwamba alisema kuna nyumba hawezi kupita mlangoni pake, na kwamba amekufa. Damari alikaa chini. Akauliza Ngombezi ni siku ngapi kwa miguu. Simeo alisema mbili. Damari akarudia neno hilo, mbili, akaangalia njia.

"Ameacha mtoto," Simeo akasema. "Kesho saa saba wanamtoa nchini."

Jua lilikuwa limeinama walipofika kwa jumbe. Semkiwa alisikiliza mpaka mwisho. Alikubali kwamba barua ya kwanza ilijibu swali lisilo lenyewe, akaichukua, akaichana mwenyewe. Lakini Simeo alipoomba ya pili, mzee aliweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Sadala ni wetu," akasema. "Hilo naandika sasa hivi. Huyu Matayo, mama yake ni mtu wa wapi?"

"Wa Nyasa."

"Basi ni wa Nyasa. Umekaa hapa mchana kutwa, umesikia. Mtoto ni wa ukoo wa mama. Mila iliyokupatia Sadala wako kwenye karatasi ndiyo hiyo hiyo inayomtoa mwanawe. Nitasemaje ni wetu? Kesho atakuja na jembe kuniomba shamba la ukoo, na ukoo utaniuliza mimi."

Simeo hakubishana.

"Jumbe, Bwana Shauri hakuuliza ukoo. Ameuliza baba yake Matayo ni mtu wa wapi. Hakuuliza kingine."

"Unataka niandike nusu."

"Nataka ujibu ulichoulizwa. Mimi leo asubuhi nilikuuliza nisichotakiwa, na wewe ulinijibu kweli tupu, na kweli ile ingemfukuza mtu."

Jumbe alitazama miwani yake, akaisugua. Alisema sheria ya serikali ni ya serikali na mila ni mila, na yeye analipwa na moja na kuzikwa na nyingine. Hakuishika kalamu.

"Semkiwa," Damari akasema. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote. "Ukoo simwombei. Shamba simwombei. Nina kiwanja cha nyumba nilichopewa na mume wangu, hakina mjomba wala mpwa. Atajenga hapo. Wewe andika tu kwamba kaka yangu alikuwa wa hapa. Walipomchukua hakuna aliyeandika. Jumbe wakati ule alikuwa mjomba wako, naye hakuandika."

Jumbe Semkiwa alimwita Gregori na wino.

Usiku ule Simeo alilala kwenye benchi la baraza. Alfajiri lori lilikuwa halijapakiwa. Bonaventura alisema wapakiaji wawili hawajafika na magunia ni arobaini na mbili. Simeo alivua kofia na koti, akavikunja juu ya ngazi ya lori, akaanza kubeba. Bonaventura alitazama magunia matatu yakipita mgongoni mwa sajini wa polisi, akasema hajawahi kuona mtu akikamata mahindi kwa nguvu hivyo, kisha naye akainama. Damari alikaa mbele, na kitita chake mapajani. Waliondoka saa mbili na nusu.

Walipovuka daraja la mto Pangani treni ilikuwa tayari imesimama stesheni ya Korogwe, ikitoa mvuke. Matayo alikuwa kwenye jukwaa, pingu mkononi, kati ya askari wawili. Mkewe alikuwa amebeba mtoto mdogo na kuwashika wengine wawili nguo. Mwatumu alikuwa ameshika chuma cha mlango wa behewa, kwa mikono miwili, kama mtu anayeweza kuizuia treni. Bwana Shauri alikuwapo mwenyewe, saa kiganjani.

Simeo alipiga saluti akiwa na vumbi la mahindi mabegani, akatoa karatasi mbili: nakala ya jeshi na barua ya jumbe. Bwana Shauri alizisoma kwa zamu. Aliuliza kwa nini barua haisemi Sadala ni mwana wa Sekibaha. Simeo alieleza habari ya wajomba kwa sentensi tatu. Akaeleza kovu, lililotajwa na watu wawili wasiojuana, bila yeyote kudokezwa. Bwana Shauri akamtazama Damari, ambaye hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa amemfikia Matayo, ameshika mkono wake wa kushoto uliofungwa pingu, ameufungua, anautazama. Ulikuwa kiganja cha mkata mkonge, chenye makovu ya miiba tu.

"Wewe nani, bibi?" Matayo akauliza.

"Shangazi yako," Damari akasema.

Bwana Shauri alitia sahihi kwenye amri, akaandika neno moja juu yake: Imefutwa. Alisema vizuri, mtu wa Handeni atakaa Handeni. Asionekane Ngombezi wala kambi yoyote ya mkonge. Mkewe na watoto wamfuate, chumba cha kambini kirudishwe. Askari wakafungua pingu. Hakuna aliyeshangilia. Mke wa Matayo alikaa chini palepale jukwaani.

Kisha Bwana Shauri akanyoosha kidole kwa Mwatumu, aliyekuwa bado ameshika mlango wa behewa.

"Na huyu? Jumbe hakumtaja mama."

"Hakuulizwa, bwana."

"Nakuuliza wewe. Mama yake ni mtu wa wapi? Nafasi kwenye treni imekwisha kutengwa."

Mwatumu alisikia. Aliachia chuma, akafungua kinywa, na Simeo akatangulia.

"Sijathibitisha, bwana."

"Huyu mwanamke amekaa kituoni kwako siku zote hizi."

"Ninayo maneno yake tu. Na bwana alisema, juu ya mumewe, kwamba maneno ya mtu mwenyewe hayatoshi."

Filimbi ikapigwa. Bwana Shauri alimtazama Simeo kwa muda ambao ulimtosha mpiga filimbi kupanda behewa lake.

"Basi andika jeshini."

"Jeshi halikuandika wake za askari, bwana. Itabidi tuandike Nyasa kwenyewe."

"Andika Nyasa."

"Ndiyo, bwana."

Treni ilianza kuvuta. Bwana Shauri akaondoka bila kungoja iishe kupita. Kule nje Bonaventura alikuwa akishusha magunia upesi ili awarudishe watu Handeni jioni ileile, na Damari alikuwa ameshakaa mbele, ameacha nafasi ya mtu mmoja pembeni yake.

Mwatumu alimshika Simeo mkono wa shati.

"Hiyo barua, mwanangu. Utaiandika?"

"Nitaiandika, mama. Nimeamriwa."

"Lini?"

Simeo alimshika kiwiko, akamwelekeza kwenye lori.

"Panda gari," akasema.